Chai ya pakanga na hesabu ya dozi

Ubishi wa kama chai ya pakanga inatibu malaria umedumu miaka mingi, na sehemu kubwa yake inatokana na jambo ambalo lingemalizwa kwa dakika chache shambani: watu wanabishana juu ya mimea miwili wakidhani ni mmoja. Ipo pakanga ya porini, ambayo wataalamu wanaiita Artemisia afra. Hiyo imeota yenyewe tangu enzi na enzi kwenye nyanda za juu, kuanzia Ethiopia, ikapita Kilimanjaro, Usambara na Nyanda za Juu Kusini, hadi Rasi ya Afrika Kusini. Ipo pia ya kulimwa, Artemisia annua, mgeni kutoka China aliyefika mashambani Afrika Mashariki miaka ya 1990, viwanda vya dawa vilipoanza kumtafuta. Zote mbili huitwa pakanga, zote chungu, zote hunukia ukizisugua mkononi. Ila kiini kinachoua vimelea vya malaria, artemisinini, kimo kwenye ile ya kigeni. Ya porini haina.

Nianze na ya porini, maana ndiyo yetu na ndiyo inayosahaulika kwenye makelele haya. Ni kichaka cha kudumu, shina lake hukomaa likawa gumu, na huweza kumpita mtu kimo. Majani yake yamechanika vipande vyembamba. Upande wa juu ni kijani kilichofifia, upande wa chini una vinyweleo vyeupe, kwa hiyo upepo ukivuma kichaka kizima hugeuka rangi ya majivu. Annua ni ya msimu mmoja. Unaipanda, inarefuka hadi mita 2 na ushee, inatoa maua madogo ya njano, inakufa. Majani yake ni kijani pande zote mbili na harufu yake ina utamu fulani, wakati ya afra ni kali na inapanda puani moja kwa moja. Mtu aliyezishika zote mbili mara moja hahitaji maabara kujua ameuziwa ipi, mradi majani hayajasagwa.

Lakini sokoni huuzwa yamesagwa. Nina pakiti hapa mezani niliyonunua stendi: karatasi ya kaki, lebo ya fotokopi, na maneno yanayosema "Artemisia: malaria, taifodi, presha, kisukari, nguvu za kiume. Kijiko 1 kwenye maji ya moto, kutwa mara 3." Ndani kuna unga wa kijani uliochanganyika na vijitivijiti. Jina la pili la mmea halipo. Uzito haupo. Tarehe ya kuvunwa haipo. Kijiko ni cha chai au cha mezani, nayo haikuandikwa. Muuzaji nilipomuuliza ni pakanga ya wapi, alinijibu kwa uungwana kabisa kwamba ni ya asili.

Tuiache pakiti, turudi kichakani. Matumizi ya jadi ya afra yanafanana sana katika nchi zilizo mbalimbali, na kwa mchambuzi huo ni ushahidi wa aina yake, kwa sababu watu wasiofahamiana walifika kwenye mmea mmoja kwa shida zilezile: kikohozi, mafua, kifua kubana, tumbo kusokota, minyoo, homa. Wazulu na Waxhosa huuita umhlonyane, na miongoni mwa njia zao mojawapo ni kuviringa majani mabichi na kuyachomeka puani ili pua ifunguke. Huku kwetu wengi tunaijua njia ya nyungu: majani kwenye sufuria ya maji yanayochemka, mgonjwa anafunikwa blanketi, anavuta mvuke hadi jasho limtoke. Wengine huchemsha na kunywa kidogo kidogo, kwa asali wakiwa nayo, maana uchungu wake si wa mchezo.

Ukipeleka majani hayo maabara, kinachotoka ni mafuta yanayoruka hewani, na ndani yake kuna sineoli, kafuri, thujoni na borneoli. Sineoli ndiyo hiyohiyo iliyojaa kwenye mkaratusi, na kazi yake ya kulegeza makamasi na kupunguza uvimbe wa njia ya hewa inafahamika vizuri. Kafuri huipa pua ile hali ya ubaridi inayomfanya mwenye mafua ahisi anapumua. Kwa hiyo bibi anayempigisha mjukuu nyungu ya pakanga kwa ajili ya mafua hafanyi ushirikina wala hapotezi muda. Anampa dawa ya dalili, kwa njia ya mvuke, na kemia ipo upande wake. Mafuta hayo pia yamezuia bakteria na kuvu kadhaa kwenye visahani vya maabara. Hapo sitilii mkazo, kwa sababu karibu kila mafuta ya mmea wenye harufu kali hufanya hivyo kisahanini, na kisahani hakina ini wala damu.

Thujoni ndiyo inayotaka tahadhari. Ni sumu ya mishipa ya fahamu: huziba breki za asili za ubongo, na kwa kiwango kikubwa huleta degedege hata kwa mtu mzima. Maji peke yake hayatoi thujoni nyingi kutoka kwenye jani, na hiyo ndiyo salama ya chai hafifu. Mafuta yaliyokamuliwa au majani yaliyolowekwa kwenye pombe kali ni habari nyingine. Tena kiasi chake hakilingani kila mahali. Mafuta ya afra ya Kenya yamewahi kupimwa yakakutwa sineoli imetawala; ya Afrika Kusini, mara nyingi thujoni ndiyo inayoongoza. Kichaka cha mlima huu na kichaka cha mlima ule vinaweza kuwa na jina moja na dawa tofauti.

Na homa? Wazee wetu waliita homa kila joto la mwili, na walikuwa na haki ya kufanya hivyo, kwani hakuna jicho linaloona kimelea ndani ya chembe nyekundu bila darubini. Homa nyingi za mafua huondoka zenyewe baada ya siku chache. Mgonjwa aliyekunywa pakanga akapona, alipona kweli. Kilichomponya ndicho kisichojulikana. Hii ndiyo sababu sioni haja ya kuwakejeli waliotutangulia, na ndiyo sababu hiyohiyo inayonizuia kuchukua neno "homa" la bibi na kulitafsiri kuwa malaria kwenye lebo ya pakiti.

Sasa huyo mgeni. Mwanzo wa sifa zake ni karne ya 4, kwa tabibu wa Kichina Ge Hong, aliyeandika kitabu cha tiba za dharura. Maelekezo yake juu ya mmea uitwao qinghao ni mafupi: chukua konzi moja, loweka kwenye sheng 2 (kipimo cha kale cha Kichina) za maji, kamua, kunywa maji yote. Hakusema chemsha. Zaidi ya miaka 1,600 baadaye, tarehe 23 Mei 1967, serikali ya China ilianzisha mradi wa siri, Mradi 523, kutafuta dawa ya malaria kwa ajili ya vita vya Vietnam, ambako ugonjwa huo ulikuwa unalaza askari wengi. Bi Tu Youyou, aliyekabidhiwa kikundi cha watafiti Beijing mwaka 1969, alikusanya pamoja na wenzake tiba za jadi zaidi ya 2,000. Qinghao ilikuwemo, ikajaribiwa, ikatoa matokeo ya kuyumbayumba. Leo inafanya kazi, kesho haifanyi. Aliporudi kwa Ge Hong na kusoma yale maelekezo ya kuloweka bila moto, akashuku kwamba joto ndilo linaloharibu kiini. Akatumia etha, ambayo huchemka kwenye joto dogo, na Oktoba 1971 sampuli nambari 191 ikasafisha vimelea vyote kwenye panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliinywa kwanza wao wenyewe kabla ya kumpa mgonjwa, na mwaka huohuo artemisinini ikapatikana ikiwa fuwele safi. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2015.

Watetezi wa chai hupenda kuisimulia hadithi hii, na nakubaliana nao kwamba ni fahari ya tiba ya jadi. Ninachowaomba ni waisimulie yote. Tu Youyou alimheshimu Ge Hong kwa kuuliza kwa nini kitu kinafanya kazi siku moja na kushindwa siku nyingine. Jibu lilikuwa dozi. Akatumia miaka kuhakikisha dozi hiyo haiyumbi tena.

Namna artemisinini inavyoua inastahili kuelezwa, kwa sababu ndani yake mna nguvu ya dawa na udhaifu wake pia. Kimelea cha malaria kikiingia kwenye chembe nyekundu hula himoglobini, na mlo huo huacha madini ya chuma. Artemisinini ina daraja la oksijeni mbili zilizoshikana. Chuma hulivunja daraja hilo, na vipande vinavyoruka hapo huunguza protini za kimelea kutoka ndani. Kasi yake haina mfano kati ya dawa za malaria: katika kila mzunguko wa saa 48 idadi ya vimelea inaweza kupungua mara 10,000. Lakini dawa yenyewe haikai. Nusu yake huondoka kwenye damu ndani ya saa 2 au 3, na ini likiizoea huzidisha vimeng'enya vya kuivunja, kiasi kwamba mtu anayeendelea kumeza dozi ileile hufika siku ya 5 akiwa na karibu robo tu ya kiwango alichokuwa nacho siku ya kwanza. Kwa hiyo akiimeza peke yake siku chache, atajisikia amepona kesho yake, na baada ya wiki 2 au 3 vimelea vichache vilivyosalia vinakuwa vimejaa upya.

Dawa ya mseto ilibuniwa kuziba pengo hilo. Tanzania Bara ilishaachana na klorokwini mwaka 2001, ile iliyokuwa inawawasha watu mwili mzima, na mwaka 2006 ikaiweka dawa ya mseto ya ALu mahali pa SP, mrithi wa klorokwini, ambayo nayo ilikuwa imechoka. Kidonge kimoja cha ALu kina miligramu 20 za artemetha, ambayo ni mtoto wa artemisinini, na miligramu 120 za lumefantrini. Mtu mzima humeza vidonge 24 kwa siku 3. Artemetha hufyeka shamba kwa siku mbili tatu, lumefantrini hubaki kwenye damu kwa siku kadhaa kung'oa visiki. Ndiyo maana mhudumu anasisitiza umeze na maziwa au chakula chenye mafuta: lumefantrini haiingii vizuri mwilini tumbo likiwa tupu. Na ndiyo maana anakukataza kubakiza vidonge kwa ajili ya homa nyingine.

Tuweke chai kwenye mizani hiyohiyo. Mwaka 2004 watafiti wa Tübingen, Ujerumani, waliwapa wanaume 14 wenye afya lita 1 ya chai ya annua iliyotengenezwa kwa gramu 9 za majani. Ndani yake walipima miligramu 94.5 za artemisinini, yaani chini ya moja ya tano ya miligramu 500 ambazo ndizo dozi ya kawaida ya siku. Utafiti mwingine uliotangulia, uliotumia gramu 5 kwa lita, ulipata miligramu 12 tu. Gawanya mwenyewe: kwa kila gramu ya jani, chai ya kwanza ilitoa dawa zaidi ya mara 4 ya chai ya pili. Kufikia miligramu 500 kwa chai ya kwanza kunahitaji lita 5 na ushee kwa siku. Kwa chai ya pili, karibu lita 42. Na hao ni watafiti wenye mizani, majani ya aina inayojulikana na saa mkononi. Mtu wa nyumbani ana kijiko, na kile alichokichota hajui kama ni annua, afra, au mchanganyiko na magugu ya jirani. Zaidi ya hapo, artemisinini haipendi maji. Sehemu kubwa hubaki kwenye makapi anayoyatupa, na akichemsha muda mrefu anapunguza hata kile kidogo kilichotoka.

Haya si mahesabu ya mezani tu. Kongo waliijaribu chai hiyo kwa wagonjwa halisi wa malaria na kuilinganisha na kwinini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Baada ya siku 7 za kunywa, wastani wa asilimia 74 ya waliokunywa chai walikuwa hawana tena vimelea wala homa, dhidi ya asilimia 91 ya waliopewa kwinini. Sikilizeni namba hiyo kwa pande zote mbili. Asilimia 74 si maji matupu: chai inafanya kitu, na anayesema ni uongo mtupu anadanganya naye. Ila katika wiki zilizofuata ugonjwa ulirudi kwa wengi wa wanywa chai, jambo ambalo mtu anayezijua zile saa 2 au 3 alikuwa analitarajia.

Miaka kadhaa baadaye, Kongo hiyohiyo, jimbo la Maniema, ulifanyika utafiti mkubwa uliodai kwamba chai ya annua na ya afra zote ziliishinda dawa ya mseto kwa mbali. Ulisambaa sana. Mpaka leo natumiwa picha za majedwali yake na watu wenye nia njema. Jarida lililouchapisha liliufuta. Hata kabla ya kufutwa, msomaji makini alikuwa na la kujiuliza: inawezekanaje mmea usio na artemisinini na mmea wenye artemisinini vikatoa matokeo karibu sawa, na vyote vikaishinda dawa ambayo majaribio ya nchi nyingi yameipima?

Watetezi wana hoja moja ambayo naiheshimu. Wanasema jani zima si artemisinini peke yake. Lina flavonoidi na viini vingine vinavyoweza kuisaidia ifyonzwe zaidi, na pengine kuchelewesha usugu. Kwa panya, hoja hiyo imesimama: panya waliolishwa jani kavu la annua walikuwa na artemisinini nyingi kwenye damu kuliko waliopewa kiini kitupu, na vimelea vyao vilichelewa kuwa sugu. Mwaka 2017 madaktari wa Kivu Kaskazini waliandika kuhusu wagonjwa 18 ambao mseto na hata sindano ya artesunati (nayo ni zao la artemisinini) havikuwasaidia, wakapona baada ya kumeza vidonge vya jani kavu kwa siku 5. Hakukuwa na kundi la kulinganisha, lakini ni taarifa ya kufuatiliwa. Tazama lakini kilichotumika: jani zima lililokaushwa, likasagwa, likapimwa, likatengenezwa kidonge. Si chai. Anayeuza chai kwa ushahidi wa kidonge cha jani anauza kitu kimoja kwa risiti ya kingine.

Shirika la Afya Duniani lilitoa msimamo wake mwaka 2012 na kuurudia kwa kirefu mwaka 2019: haliungi mkono Artemisia isiyo katika umbo la dawa rasmi, kwa kinga wala kwa tiba. Msimamo huo naukubali. Namna ulivyofikishwa kwa watu wetu ndiyo inayoniudhi. Ulifika kama katazo. Mwananchi wa kawaida hakuelezwa habari ya lita 42, wala ini linaloizoea dawa, wala asilimia 74. Aliambiwa "msitumie mitishamba", na aliyemwambia hivyo mara nyingi alikuwa mhudumu wa zahanati ambayo siku hiyo haikuwa na dawa na ilikuwa inamtuma akanunue nje. Mtu aliyeandikiwa ALu, akakosa, akapewa kidonge asichojua kilikotoka kwenye duka la pembeni, halafu jirani akamletea majani bure kutoka bustanini, hajafanya ujinga kuchukua majani. Amefanya hesabu kwa taarifa alizopewa.

Katika ombwe hilo ndimo siasa ilipoingia. Aprili 2020 Rais Andry Rajoelina wa Madagascar alizindua kinywaji cha Artemisia kwa ajili ya korona, Covid-Organics, kilichotengenezwa na taasisi ya utafiti ya IMRA, na mwezi uliofuata Tanzania ikatuma ndege kukichukua. Wahenga walisema kimfaacho mtu chake, na hisia ile ya kwamba kwa mara moja Afrika inajitibu yenyewe ilikuwa ya kweli. Dawa haikuwa. Lililobaki ni kwamba jina Artemisia likazoeleka kwa kila mtu, na lebo kama ile ya pakiti yangu zikaanza kubeba magonjwa matano.

Tuseme ukweli pia juu ya neno "asili" linalopigiwa debe hapa. Nyungu ya afra ni ya asili yetu. Chai ya annua ya malaria si ya asili ya mtu yeyote wa Lushoto wala Mbeya. Hakuna bibi wa huko aliyeirithi kwa bibi yake. Ilisambazwa na wamisionari na mashirika, hasa Anamed ya Ujerumani iliyogawa mbegu za aina ya A-3, na ilikuja njia moja na kilimo cha biashara, ambacho nacho kiliwayumbisha wakulima: kilo ya artemisinini iliyokuwa inavuka dola 1,000 mwaka 2005 ilikuwa imeshuka chini ya dola 200 mwaka 2007. Siwalaumu waliogawa mbegu; walikuwa wanahudumia vijiji ambavyo hakuna lori la dawa lililofika. Ila tusiuite urithi.

Hadi hapa mtu anaweza kusema: mwili ni wangu, chai ni yangu, nikishindwa nitakwenda hospitali. Ningemkubalia kama malaria ingekuwa ugonjwa wa mtu binafsi. Si hivyo. Kimelea kilichoonja dozi hafifu kikasalimika hubebwa na mbu hadi kwa jirani. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba Rwanda kuna vimelea vyenye badiliko la jeni liitwalo R561H, linalovifanya vichelewe kufa kwa artemisinini. Mwaka 2021 usugu wa namna hiyo ukathibitika kaskazini mwa Uganda, kwa mabadiliko mengine ya jeni. Kisha Karagwe, mkoani Kagera, ikakutwa R561H ileile pamoja na wagonjwa ambao vimelea vyao vilichukua muda mrefu kuondoka. Mseto bado unaponya huko, kwa sababu lumefantrini inashika zamu. Lakini Asia ya Kusini Mashariki ilianza hivihivi, na kidonge cha artemisinini peke yake, bila mwenza, ni miongoni mwa mambo yaliyolaumiwa. Ndiyo maana Mkutano wa Afya Duniani wa mwaka 2007 ulitaka vidonge hivyo viondolewe sokoni. Chai ya annua ni artemisinini bila mwenza, tena kwa dozi ambayo hakuna anayeijua. Mimi siwezi kuipendekeza Kagera, na nikiwa mkweli siwezi kuipendekeza popote penye mbu.

Wakati huohuo mmea huu umeshatupa zaidi ya tunavyoukumbuka. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya jaribio la watoto 5,425 wa Kiafrika wenye malaria kali, wakiwemo wa Tanzania na Kenya. Waliochomwa kwinini, asilimia 10.9 walikufa. Waliochomwa artesunati, ambayo ni zao la annua, asilimia 8.5. Kila watoto 1,000 wanaofikishwa wodini wakiwa na degedege au hawajitambui, 24 zaidi wanarudi nyumbani. Hiyo ndiyo pakanga ikiwa na dozi. Na mtoto wa namna hiyo, mwenye degedege, ndiye mara nyingi anayechelewa kwa sababu nyumbani walianza na kikombe.

Serikali ina chombo cha kufanyia kazi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu mwaka 2002, na Baraza lake lipo. Ningependa kuona kila pakiti ya pakanga inalazimishwa kuandika jina kamili la mmea, uzito na mwezi wa kuvunwa, na neno malaria liondoke kwenye lebo hadi mwenye pakiti alete jaribio la wagonjwa, si ushuhuda wa shemeji yake. Hilo ni la kuzuia, na kuzuia peke yake kumeshashindwa mara nyingi.

La pili ndilo linalonivutia. Afra, ile ya porini, haijapewa nafasi yake kwa sababu kila mtu anaisukuma kwenye malaria ambako haina silaha. Iondoe huko, uirudishe kwenye kifua na mafua. Taasisi ya Dawa za Asili ya Muhimbili na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wanaweza kupima afra ya Usambara, ya Meru na ya Rungwe, waone ni ipi yenye sineoli nyingi na thujoni kidogo, kisha wajaribu mvuke wake kwa watu wazima wenye mafua, kundi moja na pakanga, kundi jingine na maji ya moto matupu. Ni jaribio la bei ndogo. Hakuna anayehatarishwa na matokeo yanapatikana ndani ya wiki. Wa kuulizwa kwanza wawe waganga wa milimani, maana wao huchagua: kichaka hiki wanakichuma, kile wanakiruka, huyu mzee anataka majani ya kabla ya maua, yule anasema ya bondeni hayana nguvu. Sampuli zichukuliwe kwa kufuata uchaguzi wao, kichaka kwa kichaka, na vile wanavyoviruka vipimwe pia.